Riwaya Iliyoitikiwa Amina

Nikisikia harufu ya kahawa inayokaangwa pamoja na tangawizi, huacha ninachofanya. Narudi kwenye ule ua wetu wa mtaa wa Hai Mauna, uliozungushiwa mabati hadi huoni barabara, na joto limetuatamia kama kuku na mayai yake.

Tulikuwa tumerudi nyumbani kutoka ukimbizini Kenya na kitabu kimoja tu, riwaya kuukuu aliyoisoma dada shuleni, ya msichana anayeozwa kwa nguvu. Siku hiyo baba zetu wadogo walikuwa wamekalia viti vya plastiki langoni, wakizungumza na wageni habari za ng'ombe. Ng'ombe wa mahari ya dada. Yeye mwenyewe alikuwa kwenye jiko la makaa, akiwakaangia kahawa.

"Soma," akaniambia. "Soma kwa sauti. Hawa hawasikii Kiswahili."

Nikasoma pale msichana anaposimama mbele ya wazee na kusema hapana, simtaki, heri mnizike. Dada akaacha kukoroga, midomo yake ikayafuata maneno kimyakimya. Alikuwa ameyahifadhi yote.

Mmoja wa baba wadogo akageuka. "Kitabu gani hicho?" akauliza kwa Kiarabu.

"Bibilia," dada akajibu.

"Kweis," akasema, yaani vizuri, akavua kofia. Wageni nao wakavua zao. "Mwambie aendelee, atubarikie kikao."

Nikairudia hapana ile, kwa nguvu zaidi, mpaka mwisho wa ukurasa.

"Amina," wakaitikia wote. Kahawa ilipoiva wakanyoosha vikombe, dada awamiminie.