Shuka la Koko na Sinema ya Tonton Bosco

Juzi nilifungua valisi yangu, harufu ya nafutalini ikanipiga puani, na mkono wangu ukasimama hewani.

Binti yangu alikuwa amekuja kuniomba shuka jeupe. Si yeye aliyelitaka. Ni mume wake. Huyo bwana amenunua mashine ya kutupa picha ukutani, ndogo kama mkate, ameiunganisha na simu yake na betri ya jua, na sasa anatembea mtaani akisema nyumba yake ina sinema. Kiti cha tatu hawana, mgeni akija anakaa juu ya bidoni ya maji, lakini sinema wanayo. Nilifunga valisi. Binti yangu akaondoka akidhani mama yake ni mchoyo. Acha adhani. Nyinyi mnaosoma nitawaambia.

Nilikuwa mtoto wa miaka tisa, tukikaa Lubunga, ng'ambo ya mto kutoka mjini. Baba alifanya kazi kwenye boti, tukimwona mara chache. Nyumbani tulikuwa mama, mimi, koko wangu aliyemzaa baba, na mdogo wake baba, Tonton Bosco.

Tonton Bosco alisoma sekondari mpaka mwaka wa tatu, shule ikamchoka. Lakini ungemsikia akiongea, ungesema wanamngoja Ulaya na gari tayari. Kazi hakuwa nayo. Alikuwa na mashati mawili, na mashati hayo nilifua mimi, nikayatia amido ya muhogo kila Jumamosi mpaka kola ikasimama kama mbao. Kupika amido nilijua kuliko watu wazima. Unga laini, maji, moto mdogo, unakoroga mpaka inakuwa kama uji wa mgonjwa. Ina harufu tamu kidogo, kama chikwange, ule mkate wa muhogo, iliyolala.

Siku moja alirudi kutoka mjini na kipande cha filimu mfukoni, kama mkono mmoja hivi, takataka ambazo mtu wa mashine alifagia nje ya sinema. Akasema atatengeneza sinema nyumbani bila kununua kitu. Akaomba lupu ya fundi wa saa, kile kioo cha kukuzia vitu. Akaokota kipande cha kioo kilichovunjika. Akatoboa tundu kwenye dirisha la mbao, akapachika hapo sanduku la sabuni, lupu na filimu ndani yake. Mtu anasimama nje na kioo, anakamata jua, analipeleka kwenye tundu, picha inaanguka ukutani. Umeme hakuna, petroli hakuna.

"Hii njo inaitwa physique," alituambia, fizikia ya shule ile iliyomchoka.

"Inaitwa kukosa kazi," mama akajibu, akaendelea kupepeta mchele.

Bon. Kitu chenyewe kilifanya kazi, siwezi kumnyima hilo. Lakini ukuta wetu ulikuwa wa udongo, picha ikizama ndani yake kama maji. Alihitaji kitu cheupe. Na kitu cheupe katika nyumba ile kilikuwa kimoja tu.

Koko alikuwa na shuka la kuzikiwa. Alilinunua mwenyewe kwa samaki aliowauza miaka mingi, akalikunja, akaliweka ndani ya sanduku la bati na vidonge vya nafutalini vya kufukuza mende. Kwetu mwanamke mzee anayejiheshimu hangoji watoto wamtafutie kitambaa siku hiyo. Wakati ule alikuwa ameshuka na mto mpaka Yanonge kwa ndugu zake, na ufunguo aliuacha kwa mama, mbele ya mashangazi zangu wawili. "Bokilo yangu njo atalinda," alisema. Bokilo ni mkwe, na kwa mke wa mtoto wake neno hilo lilikuwa kubwa.

Ufunguo ulilala chini ya mto wa mama. Aliyeutoa ni mimi. Tonton alinipa ahadi kwamba nitaona farasi wa filimu ile akitembea ukutani.

Akatupa nafutalini kwenye majani, eti wageni wake wataumwa kichwa. Shuka likatundikwa, mikunjo ikabaki, kila picha ikavunjika kati. Alikasirika kama bwana harusi aliyeletewa bibi mwingine. Na hapo mimi, mwenye akili yangu yote ya miaka tisa, nikasema:

"Tonton, tutie amido."

Akanibusu kwenye paji la uso. Nilipika sufuria nzima.

Jumapili baada ya misa, mama akiwa kwenye mkutano wa kina mama wa parokia, majirani wakajaa sebuleni, milango imezibwa kwa magunia, bati likiwaka juu yao. Mimi nilikuwa nje, juu ya kinu kilichopinduliwa, nimeshika kioo.

"Tina, hapana kutikisika!" Tonton alinipigia kelele kutoka ndani.

Jua linasogea, nami nasogea nalo. Jasho linaingia machoni. Ndani nasikia makelele.

"Bosco, farasi yako iko miguu juu!"

"Ngoja, nigeuze."

"Sasa mbona haitembei?"

"Iko inapumzika."

"Tangu saa ngapi?"

Wakacheka mpaka mtu akaanguka kutoka kitini. Mwishoni nikamlilia tonton na mimi nione. Akasema ingia basi. Nikaruka chini, nikakimbia ndani, na bila shaka ukutani hapakuwa na kitu, kwa sababu aliyeshika jua alikuwa ni mimi. Niliangalia shuka tupu gizani. Hiyo ndiyo sinema yangu.

Tulilikunja haraka, na amido yake, bila nafutalini, tukalirudisha, nami nikaurudisha ufunguo chini ya mto.

Koko alirudi, hakufungua sanduku. Mvua za mwaka ule zilipokuwa karibu kwisha, homa ikamchukua kwa siku nne, akafa.

Mashangazi walikuja. Mama akaleta ufunguo kwa mikono miwili, akafungua mbele ya watu wote. Mende wakatoka mbio. Walikuwa wamekula amido na shuka pamoja nayo. Lilipokunjuliwa, matundu yalikuwa yamejipanga, hapa na pale yaleyale, kama karatasi ambayo mtoto ameikunja akaikata kwa mkasi.

Shangazi mkubwa alilinyanyua kwa vidole viwili.

"Muke wa kaka, ulikuwa unalinda nini? Mende?"

"Mama yetu alikuamini," mdogo wake akaongeza. "Ona sasa."

Tonton Bosco, mtu wa physique, alikuwa ameegemea mlango. Aliangalia juu, kwenye bati la paa. Nikamwangalia, nikingoja aseme. Alisafisha koo, akatoka kwenda kutafuta mbao za jeneza. Tangu siku ile sijawahi kuogopa mwanaume anayejua maneno mengi.

Mama hakusema kitu. Koko alizikwa na shuka la kuomba parokiani. Mashangazi hawakula tena chakula kilichopikwa na mama, miaka yote. Walikuja na sufuria yao. Na mimi, ambaye kosa lilikuwa langu, nilimdharau mama. Nilisema moyoni, mwanamke gani huyu, anatukanwa nyumbani mwake na ulimi anao? Niliibeba dharau hiyo mpaka nikaota maziwa kifuani.

Wiki ya ndoa yangu mama aliniita chumbani. Akanipa kifurushi. Ndani, shuka jeupe, jipya, na vidonge vya nafutalini.

"Lako," alisema. "Ulitunze." Kisha, akiwa tayari mlangoni, bila kugeuka: "Hii usitie amido."

Nilikaa kitandani, kifurushi mapajani.

Alijua. Tangu siku ile ya sanduku, labda tangu siku ya sufuria. Angefungua mdomo, jina langu lingetoka, na mtoto anayeharibu nguo ya kaburi ya koko wake, koko akafa baadaye, watu wa kwetu wana jina moja la kumpa: ndoki, mchawi. Mtoto kama huyo hufukuzwa nyumbani, hulala sokoni. Basi mama akafunga mdomo, akala matusi yote yaliyonistahili mimi, sahani baada ya sahani, na mimi nikamwona mjinga.

Shuka ndilo lile, ndani ya valisi. Mkwe wangu apake ukuta wake chokaa.