Aliyekuwa Akibana Koki ya Mwalimu

Bora niwasimulie mwenyewe, kabla Ilomba nzima haijawasimulia. Mwalimu Tumaini, niliyedhani anaishi peke yake, aliniita mimi fundi umeme: hita ya bafuni inachemsha maji kupita kiasi, kisha inajizima. Nikakuta koki imebanwa. Maji yakipita kidogo, hita inazidiwa na joto. Nikaifungua, naye akanipa chai ya tangawizi. Baridi ya Mbeya mnaijua. Joto la kikombe kile nililala nalo.

Hazikupita siku nyingi, akaniita tena. Koki ile ile, imebanwa vile vile. Sasa nani anaibana, kama si yeye? Moyo wangu mpumbavu ukajibu: anatafuta sababu ya kukuona.

Aliponiita tena juzi, begi la vifaa nililiacha nyumbani. Nilivaa suti ya kwaya, nikabeba maparachichi mazuri, na njiani nikakariri maneno ya kumwambia.

Mlango ukafunguliwa na mama mtu mzima.

"Kamwene, mwanangu! Mimi mama yake Tumaini, natoka Ipogolo. Nipo hapa kwake wiki kadhaa sasa, ila ukija, huwa nipo kanisani."

"Shikamoo mama. Nimefuata ile koki..."

"Koki naibana mimi! Sisi tumebeba maji ya mtoni kichwani, leo yamwagike ovyo?" Akaitazama suti, akayatazama maparachichi, uso ukamng'aa. "Kumbe ndiye mchumba! Tumaini, mbona umenificha?"

Mwalimu akachungulia kutoka jikoni, akacheka.

"Jamani mama, huyo ni fundi tu. Fundi, vifaa viko wapi?"