Bwana Harusi wa Stoo

Ukimpelekea Fundi kochi lililobonyea kama limekaliwa na tembo, alikurudishia kitu kizuri ambacho hata wewe mwenyewe uliona haya kukikalia. Alikuwa mwanamke wa makamo, mikono migumu, ulimi mwepesi, na karakana yake ilikuwa sebule ya mbele ya nyumba yake. Humo, kati ya sponji, fremu za mbao na marobota ya vitambaa, waliishi paka wake wawili. Mdogo aliitwa Kiroboto kwa sababu hakuwahi kutulia. Mkubwa, jike jeusi, nene, lenye sikio lililopasuka, aliitwa Bibi Mkubwa, na kazi yake ilikuwa kukagua makochi. Kochi likikamilika, alilipanda na kulizunguka. Akilala, limepita. Akishuka na kwenda zake, Fundi alishusha pumzi, akachukua koleo na kuanza kung'oa misumari.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na saluni ya kinyozi mmoja mgane. Kiti cha saluni hiyo kilianza kuchanika ovyo, na kila mara kilichanika katikati, mchaniko ulionyooka kama umepigiwa rula. Fundi alikishona mara ya kwanza, akakishona ya pili. Alipoletewa tena akamtazama Kinyozi usoni.

"Hivi wembe wako unakata nywele au unakata viti?"

"Fundi," Kinyozi akasema, jasho likimtoka, "ningekuwa na njia nyingine ya kuja hapa ningeitumia."

Wakaoana. Kinyozi akavuka barabara na sanduku la nguo, redio, na mbwa.

Mbwa huyo aliitwa Kamanda. Kwa umbo alikuwa kama ndama, na ukimwona kwa mbali ungebadili njia. Lakini moyo wake ulikuwa wa kifaranga. Aliogopa miavuli. Aliogopa mashine ya kukausha nywele. Siku moja saluni aliona sura yake kwenye kioo, akajificha nyuma ya wateja. Bibi Mkubwa hakuyajua hayo yote. Alichojua ni kwamba harufu mpya imeingia nyumbani mwake bila hodi, akapanda juu ya kabati, manyoya yamemsimama kama brashi.

Fundi hakutaka kubahatisha. Alimwendea daktari wa mifugo, naye akamwambia haraka ndiyo huharibu. Wanyama watengwe kwanza, mlango katikati. Wabadilishane matandiko ili wazoeane kwa pua. Wale chakula kila mmoja upande wake wa mlango. Halafu ndipo waonane, mbwa akiwa kwenye kamba, paka wakiwa na mahali pa juu pa kukimbilia.

Mpango mzuri, ila Kamanda hakuweza kulala peke yake. Walipomfungia stoo alilia kwa sauti ya kukata maini, majirani wakaanza kugonga ukuta. Kwa hiyo Kinyozi, bwana harusi ambaye hata suti ya harusi hajaipeleka kwa dobi, alibeba godoro akahamia stoo.

Asubuhi jirani akamwona anatoka humo na mswaki mdomoni, akianika shuka kwenye kamba. Jirani hakusema kitu. Yaani hakumwambia Kinyozi kitu. Habari zikatembea, na kila zilipopita zilinenepa, mpaka zikamfikia dada yake Kinyozi.

Dada mtu alikuja bila taarifa. Alikuwa mwanamke wa miraba minne, mkoba kwapani kama silaha. Alipita karakana bila kukaa.

"Wifi, karibu," Fundi akasema, stepla mkononi.

"Nitakaribia vipi, wifi, na mdogo wangu analala stoo kama gunia la mkaa? Amekukosea nini hata umfukuze chumbani fungate halijaisha?"

"Hajafukuzwa. Yumo humo na mbwa. Ni utaratibu tu, mpaka paka wazoee."

"Paka!" Dada mtu akageuka kuutazama mkoba wake, kana kwamba nao usikie. "Yaani paka wanalala ndani, mume analala nje!"

Kutoka nyuma ya mlango wa stoo ikasikika sauti ya Kinyozi: "Dada, shikamoo. Tafadhali usifungue mlango."

Kumwambia dada huyo asifungue mlango kulikuwa sawa na kumkabidhi ufunguo. Akausukuma kwa nguvu zote.

Kamanda, aliyekuwa amelala kwa raha zake, alimwona mwanamke mkubwa mwenye mkoba mkubwa, akajua siku yake imefika. Akapita katikati ya miguu ya Kinyozi, akampita dada mtu kwa chenga, akaibukia karakana. Hapo ikawa patashika nguo kuchanika. Kiroboto akaruka dirishani na pazia lake. Robota la kitambaa likafunguka sakafuni. Dada mtu, ambaye sasa alikuwa amemwona mbwa mwenyewe, alijikuta amesimama juu ya meza ya kukatia, na hakuweza kueleza alivyopanda. Kamanda akatafuta pa kujificha, akajitosa ndani ya fremu ya kochi ambalo lilikuwa halijawekwa sponji, akakwama kiunoni katikati ya mikanda ya kubebea sponji.

Bibi Mkubwa akashuka kutoka kabatini, taratibu, bila pupa. Akamkaribia Kamanda, akamnusa pua, akapiga chafya, kisha akamzaba kofi moja la haki. Baada ya hapo akapanda juu ya fremu, akajikunja, akafumba macho. Chini yake Kamanda alitetemeka mpaka misumari ikalia.

"Mbona huyu mbwa ndiye anayeonewa?" dada mtu akauliza kutoka mezani.

"Ndicho nilichokuwa nataka kukueleza, wifi," Fundi akasema, akianza kukata mikanda.

Walianza upya toka mwanzo, kwa sababu baada ya kofi lile Kamanda alikataa hata kupita mlango wa karakana. Dada mtu, kwa aibu, alibaki kusaidia. Yeye ndiye aliyeshika kamba, yeye ndiye aliyebadilisha matandiko, na Kinyozi alipotaka kuharakisha mambo alimkemea: "Wewe, utaratibu!"

Taratibu wakazoeana. Kiroboto ndiye aliyetangulia kusalimu amri. Alikutwa mchana mmoja amelala juu ya tumbo la Kamanda, na Kamanda hathubutu hata kupumua kwa nguvu. Bibi Mkubwa hakufanya urafiki wowote. Alikubali tu kwamba mbwa apite karakana akiambaa ukutani, kichwa chini, na wateja waliposhangaa kuona dume lile linanyata hivyo, Fundi aliwaambia wasimcheke, ana kibali cha muda.

Kinyozi alirudishiwa chumba chake. Na dada mtu sasa hupiga simu kila Jumapili. Kinyozi akipokea, humwambia, "Nimesikia, hujambo, nimefurahi. Haya, mpe simu wifi yangu anieleze Kamanda amelalaje."