Ufagio Miguuni pa Mgeni

Sare ya gadi wa treni ina kofia, filimbi na bendera mbili. Ufagio haumo. Ndivyo alivyonikumbusha gadi mwenzangu asubuhi moja pale Butere, nilipomkuta mama wa usafi ameketi kwenye ngazi ya behewa, mkono kiunoni. Mgongo ulikuwa umemkaza, hata kuinama hawezi. Na msimamizi alikuwa ameshamwonya: treni ikiondoka chafu tena, atafute kazi kwingine.

Na behewa lilikuwa chafu kweli! Watu wetu hupanda na miwa yao, wakatafuna njia nzima, makapi wakayatema papo hapo chini. Inaniudhi mpaka leo.

"Ukishika huo ufagio," mwenzangu akasema, "kesho watasema mfagiaji hana kazi, wamfute."

Hoja yake ilikuwa na uzito, sikatai. Lakini mama huyu angefutwa leo. Nikauchukua ufagio.

Abiria wa kurudi Kisumu walikuwa wameshaanza kuketi, nami nikafagia katikati yao. Vijana fulani wakapasuka kwa kicheko. "Gadi ameolewa!" Niliona aibu, lakini sikuacha. Nikafika kwa bibi mmoja mwenye kuku wawili kikapuni, nikapitisha ufagio karibu na viatu vyake. Akasimama, akajitwika kikapu, akashika njia ya mlangoni.

"Kukhu, unaenda wapi? Treni iko karibu kutoka."

"Si umenifagilia miguuni? Mgeni akikaa, sisi hatufagiangi. Nimesikia, mwana wanje, mwanangu. Wacha nishuke, ata kama sijui nitarara wapi."

Mimi mtoto wa Amalemba nilisahauje? Kwetu, kufagia mgeni akiwa ameketi ni kumwambia aende zake. Mama yangu angenichapa kwa ufagio huohuo.

Nikamzibia njia. "Kukhu, wewe si mgeni hapa. Treni ni yako, mimi nakuchungia tu. Mwenye nyumba hafukuzwi na ufagio."

Akanitazama, kisha akatazama sakafu.

"Hapa ni kwangu?"

"Ni kwako."

"Na kwangu kunakaa hivi?" Akatua kikapu, akawageukia wale vijana. "Nyinyi! Nani ametema miwa kwa nyumba yangu? Inama uokote!"

Wakainama. Hata aliyesema nimeolewa alitambaa chini ya viti, na makapi yakatoka kwa mikono mingi kuliko yangu. Behewa lililofuata bibi alitangulia yeye, mimi nyuma yake na ufagio.

Nilipomwona msimamizi anakuja, nilishuka haraka nikamshikisha mama wa usafi ufagio wake. Msimamizi akachungulia madirishani, behewa baada ya behewa, akamrudia mama.

"Leo umefanya kazi," akamwambia.

Mama akanitazama, akafungua mdomo aseme ukweli. Nikapuliza filimbi.