Wimbo Uliosimama Mlangoni

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata chai hunishinda kumeza. Sijawahi kukusimulia, na baba yako asingetaka nikusimulie, lakini jana uliniudhi, na mimi nikiudhika ndipo mdomo wangu hufunguka. Ulisema mbele yangu kwamba baba yako anauchukia muziki wako, eti kila ukivaa hedifoni na kuwasha kompyuta yako hapo sebuleni, yeye huinuka bila neno na kwenda kusimama nje kwenye migomba. Halafu ukageuka ukaniuliza mimi shangazi yako, "Senge, mbona nikirekodi inavuma tu?" Keti basi. Hayo mambo yako mawili yana jibu moja, na jibu lenyewe si la kufurahisha.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Kaka yangu Fanuel, yaani baba yako, alikuwa amepanga vyumba viwili katika ploti moja hapa Kakamega mjini, upande wa Amalemba. Alifundisha watu kupiga taipu katika kachuo ka kompyuta kalikokuwa juu ya duka la mbegu. Mimi nilikuwa msichana aliyemaliza shule na hajui aendako, nikimpikia obusuma, ugali wetu, na kumfulia mashati. Chuo kiliponunua mashine nyingine, walimwachia Fanuel ile kuukuu. Aliileta nyumbani kwa boda boda ya baiskeli, ameipakata kama mtoto mchanga, na ploti nzima ikatoka kuangalia. Alikuwa amesoma mahali kwamba mtu anaweza kuingiza sauti ndani yake na kuitoa tena, na tangu siku hiyo hakuzungumza jambo lingine.

Sasa, kukhu wako Perisi, mama yetu, hukumjua akiwa na sauti. Ni hasara kubwa. Kule Khwisero hakuna boma lililofiwa ambalo hakuitwa. Alikuwa mwimbishaji wa matanga, na wimbo aliojulikana nao ni ule wa kumtoa marehemu nyumbani, alioachiwa na mama yake. Yeye ndiye aliyejua beti zake. Watu wengine wote tulijua kuitikia tu, "mpitisheni polepole, mpitisheni polepole," kwa Kiluhya chetu. Usiniulize kwa nini hakutufundisha. Wimbo ule hauimbwi pasipo msiba, na penye msiba nani ana nafasi ya kufundisha? Ukimwimbia mtu aliye hai unamwita asiyeitwa, kifo chenyewe, ndivyo alivyolelewa kuamini.

Basi mama akaota rovu shingoni. Lilianza kama kokwa la parachichi, likakua mpaka likawa linamkaba usiku akilala. Daktari akasema lazima akatwe, na akasema wazi, bila kuficha, kwamba mshipa wa sauti unapita hapo hapo, huenda ukaguswa. Mama alikuja kukaa nasi mjini kungoja siku ya upasuaji. Jioni moja alikuwa anachambua mboga za likhubi, akasema kama anayejisemea, "Mimi nimewatoa wote kwa wimbo. Mimi nani atanitoa?"

Fanuel akaruka. "Mama, utajitoa mwenyewe. Nitakurekodi."

Usicheke. Mama naye hakucheka. Aliwaza siku nzima, kisha akakubali kwa masharti mawili. La kwanza, mlango uwe wazi, kwa maana wimbo wa kumtoa mtu huwezi kuuimba mlango ukiwa umefungwa, utampitisha wapi? La pili, akianza asikatizwe. "Huo wimbo haukatwangi," alisema. "Ukikatwa, marehemu anabaki mlangoni."

Ndipo Fanuel akaanza vita na kelele. Mwanangu, wewe leo unabonyeza kitu na kelele inafutika, au angalau unadanganywa kwamba imefutika. Wakati ule ilikuwa ni kazi ya kuchambua mchele gizani. Kelele ya kwanza ilikuwa feni ya kompyuta yenyewe. Ilinguruma kama posho mill. Baba yako akaifunika mashine kwa blanketi la mama, ikapata joto, ikazima, chumba kikanuka plastiki. Mama akasema hata yeye angefunikwa blanketi adhuhuri angezima. Fanuel akaona afadhali aihamishie mashine chumba cha kulala, na maiki tuliyoazima kanisani ibaki sebuleni. Nyaya zikavutwa sakafuni kutoka chumba hadi chumba, hii ya stima huku, ile ya maiki kule. Tukajaribu. Nyumba ilisikika imetulia, na baba yako akanibeba juu kwa furaha, mimi na mwiko wangu mkononi.

Furaha ya maskini haidumu. Jioni hiyo mama alijikwaa kwenye nyaya, karibu aangukie jiko. Mama yetu alikuwa mtu wa mpango. Alipoona nyaya zimetawanyika namna ile, akazikusanya zote pamoja, za stima na ya maiki, akazifunga kwa kamba ya katani toka mwanzo hadi mwisho, kama anavyofunga mzigo wa kuni. Mafundo yake yalikuwa mazuri, yamepangana. Fanuel alirudi kutoka kazini, akaona sakafu imepata njia, akamshukuru.

Kesho yake mvumo ukaingia. Mmmm, mfululizo, kama nyuki waliofungiwa kwenye debe. Fanuel alizima taa ya tyubu, mvumo upo. Alimwendea mwenye ploti akamsihi azime friji kidogo, mvumo upo. Alibadilisha soketi, akang'oa kichwa cha waya akakifunga upya, akampa jirani nauli ya kwenda kwao wikendi aondoke na redio yake. Mvumo ulikuwepo. Akawa hali chakula. Nikimwekea ingokho, nyama ya kuku, yeye anasikiliza ukuta. Tena alikuwa anabadilisha vitu vitatu vinne kwa pamoja, kwa hiyo hata kama angepata dawa asingejua ni ipi. Mimi niliona hivyo, lakini nani alinisikiliza? Nilikuwa wa kupika.

Ikabaki siku moja tu mama alazwe hospitali. Alasiri hiyo akavaa gauni lake la kanisani, akafunga kitambaa kichwani, akakaa kwenye kiti akiangalia mlango ulio wazi. "Leo," akasema.

"Mama, mvumo haujaisha."

"Kama upo, ukae. Mimi nami nimeimba kwa mvua, nimeimba ng'ombe wakilia."

Nilishika maiki. Fanuel alikaa kwenye mlango wa chumba cha kulala, hedifoni masikioni, mkono mmoja umefikia mashine. Mama akafumba macho akaanza. Sina namna ya kukueleza sauti ile, na sitajaribu. Nitakwambia tu kwamba niliishika maiki kwa mikono miwili. Nilikuwa namwitikia kwa chini, polepole, polepole, na beti zikawa zinapita, moja baada ya nyingine, jina la babu, jina la mto, na vitu ambavyo sijawahi kuvisikia hata matangani, kwa sababu matangani watu hulia juu yake.

Sasa fikiria ploti. Mlango wazi, na ndani mwanamke mzima anaimba wimbo wa kutoa maiti. Watu wangefanya nini? Mama Akoth wa nyumba ya tatu aliacha nguo kwenye karai, akafunga leso kiunoni, akaja mbio ameshika kichwa. "Mayi wee! Mayi! Ni nani ametuacha, bane?" Nyuma yake wakaja wengine, wanalia kwa moyo kabisa, maana majirani wetu walikuwa watu wazuri. Na mama, macho yamefumbwa, hakuyumba hata kidogo. Alizoea kuliliwa. Kwake kilio kilikuwa mahali pake.

Ni Fanuel aliyeyumba. Wiki nzima ya mvumo, na sasa hili. Aliinua mkono akapaza sauti: "Mama, simama! Simama kidogo, kuna kelele!"

Mama akanyamaza. Alifumbua macho pole pole akamwangalia, na ule uso wake, mwanangu, Mungu asikuoneshe. Hakugomba. Alisema tu, "Fanuel, mtu akiwa amebeba jeneza, unamwambianga asimame kwa sababu mbwa imebweka?"

Baba yako alipiga magoti. Alimsihi arudie. Majirani nao, walipojua hakuna aliyekufa, waliona aibu wakamsihi pia. Mama akakataa kwa upole. "Nimeuita ukaja, mmeufukuza. Siuitangi mara mbili siku moja. Nikitoka hospitali tutaona." Akaamka akawapikia majirani chai.

Alitoka hospitali salama, tunamshukuru Mungu kwa hilo. Rovu lilikwisha, alilala usingizi mzuri, aliishi miaka mingine. Lakini sauti haikurudi. Kilichobaki ni mnong'ono, kama mtu anayekunja gazeti. Alikuwa akienda matangani anakaa na wale wanaoitikia, anapiga makofi. Nilikuwa simwangalii.

Siku moja akiwa bado na bendeji, Fanuel aliamua kurudisha maiki ya kanisa. Akafungua mafundo ya mama, moja moja, akatenga ule waya na wa stima. Sijui ni nini kilichomtuma ajaribu mara ya mwisho kabla hajauchomoa. Akavaa hedifoni. Nilimwona akikaa chini sakafuni. Akanipa nisikilize, na hapakuwa na mvumo. Hapakuwa na chochote. Kikulacho ki nguoni mwako: zile nyaya kulazwa pamoja ndiko kulikoleta mvumo, wa stima ukiuambukiza wa maiki. Chumba kizima kilikuwa safi, kinangoja mtu aimbe, na aliyekuwa na wimbo amelala kitandani na koo lililoshonwa. Baba yako alilia siku hiyo mpaka nikaogopa. Hatukumwambia mama habari ya kamba yake, na wewe usimwambie mtu.

Utauliza, si angenong'ona maneno yaandikwe? Tulimwomba. Alijaribu. Lakini maneno yale yalikuwa yanapanda juu ya sauti, na sauti haikuwepo ya kuyabeba. Alifika hadi pale pale alipokatizwa, akabaki mdomo wazi. Akanishika mkono akaninong'oneza, "Ni hapa ulikatikia. Na kwangu pia umekatikia hapa."

Alipofariki wewe ulikuwa unanyonya. Alikuwa amesema, na wazee wote walisikia, kwamba atolewe kwa sauti yake, hivyo hivyo ilivyo. Ile iliyorekodiwa siku ile, Fanuel alikuwa ameihamishia kwenye kanda. Vijana wakaleta spika za kanisa, na jeneza likainuliwa ndani ya nyumba yake kule Khwisero. Kwanza ukasikika mvumo. Kisha yeye. Mwanangu, watu waliokuwa hawajaisikia sauti ile kwa miaka walianguka chini. Wabebaji wakaanza kutembea, na boma lote likaitikia, polepole, mpitisheni polepole, ubeti kwa ubeti. Kikaja kilio cha Mama Akoth ndani ya kanda, kikachanganyika na cha wanaolia pale, usingejua kipi ni cha siku gani. Hakikuharibu kitu. Kilifaa kabisa.

Halafu spika zote zikasema kwa sauti ya baba yako akiwa kijana: "Mama, simama! Simama kidogo, kuna kelele!"

Na wabebaji wakasimama. Walisimama na jeneza mlangoni, nusu ndani, nusu nje, kama walioamriwa. Hakuna aliyejua ubeti unaofuata. Watu mia ngapi sijui, na hakuna hata mmoja. Tulisimama hivyo mpaka mchungaji akaanzisha pambio la kanisani, tukamtoa nalo mama yetu, kama mtu yeyote. Baba yako alikuwa ameshaenda kusimama kwenye migomba.

Watu husema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kuna koleo nyingine zikivunjika uhunzi huishia hapo, na mimi sitakudanganya kwa kuwa wewe ni kijana. Wimbo ule haupo tena duniani. Nimeutafuta kwa wazee wa Musanda hadi Lumakanda, na wote wanajua kuitikia.

Kwa hiyo sikiliza shauri la senge yako. Mvumo wako utafute kabla hujamwita mwimbaji. Kaa na chumba kitupu, kirekodi chenyewe, ukijue. Toa kitu kimoja, sikiliza, kirudishe, toa kingine. Usivuruge vyote kama baba yako. Waya wa maiki usiulaze na wa stima. Mwenda pole hajikwai. Lakini mtu akishafungua kinywa, mvumo uwepo usiwepo, mvua inyeshe, jirani alie, wewe kaa kimya mpaka amalize. Kelele utaisafisha kesho. Mtu humrudishi.

Na baba yako hauchukii muziki wako. Kila ukivaa hizo hedifoni, anangoja kusikia utamwambia nani asimame. Zile beti za mwanzo anazo zote, yeye peke yake, kwa kuwa ameisikiliza ile kanda mara nyingi kuliko anavyokubali. Hajawahi kuziimba. Mwite jioni moja, msihi. Akikataa, msihi tena.

Mungu akupe masikio ya kusikia na mdomo wa kunyamaza. Sauti za waliokutangulia zisikupite ukiwa unafunga nyaya, na siku utakayotolewa wewe, awepo wa kukufikisha. Haya, nenda ukamwite. Mlango uache wazi.