Vikombe Vitatu vya Pin-yu

Siu-luan alikalia kiti kimoja kwa miaka thelathini na mmoja, na hapa sisemi kwa mafumbo. Kilikuwa kiti cha mbao kisicho na mto, kimebanwa kati ya ukuta na meza ya chai. Meza yenyewe ni pande zima la mti wa kafuri, ambalo marehemu baba mkwe wake aliliingiza sebuleni kabla ukuta wa mbele haujajengwa. Likishaingia limeingia, halitoki tena. Siu-luan naye, ili atoke, ilibidi mgeni aliyekaa kulia ainuke, avute kiti chake, ampishe. Sasa hebu jaribu wewe kumwinua mtu aliyeendesha gari kutoka mjini Taichung, akapanda kona zote zile za mlima wetu wa Alishan kuja kununua chai, umwambie samahani mzee, naomba nipite, nimebanwa. Haisemeki! Kwa hiyo alijizoeza kujibana, naye anakunywa chai tangu asubuhi mpaka jioni, maana mmiminaji lazima anywe na wageni. Alijua kila ufa wa dari ile.

Watu walikuja kwa ajili ya mkono wake. Kijiji kizima kinalima chai, mlima ni huo huo na ukungu ni huo huo, lakini wanunuzi walipita milango kumi na mitano wakaenda kuegesha kwa akina Lim, ukweni kwake. “Twende kwa Luan, ana mkono,” walisema, na hawakuwa na maana ya ule mkono wa birika. Aliyatia majani kwenye buli yakafunika kitako tu, vipunje vya kijani vilivyosokotwa vikakaza, akayamwagia maji yanayotokota hasa, akafunika, akatulia. Hakutazama saa. Alipiga soga, akauliza habari za wajukuu wa watu, kisha katikati ya sentensi mkono ukaenda wenyewe, akamimina. Kikombe kilinukia maua kwanza, halafu kitu kama maziwa ya moto, na ukishameza ndipo utamu unapanda kutoka kooni kurudi mdomoni. Mnunuzi akifikia hapo hana ujanja tena. Atabishana bei, atamsifia jirani ili ashushiwe, lakini ataondoka na maboksi.

Kosa lake Siu-luan alilifanya akiwa bibi harusi wa siku nane. Mama mkwe wake, Bibi Kim-hue, alikuwa jikoni, wageni wakafika, akapaza sauti, “Hebu wamiminie hao, nakuja!” Siu-luan alikuwa na miaka ishirini na mitano na alitaka kupendwa. Akamimina vizuri. Mgeni mmoja akaweka kikombe chini akauliza, “Huyu mmemtoa wapi?” Kuanzia kesho yake kiti kikawa chake. Nikimkumbuka binti yule na tabasamu lake mimi hupandwa na hasira, kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Mwaka huu dada yake, Siu-kim, alimpigia simu kutoka Taitung, ng'ambo ya milima, ufukweni. Ni mjane na anaishi peke yake.

“Luan, chumba cha nyuma kiko wazi. Dirisha linatazama bahari. Kuna mpangaji anakitaka mwisho wa mwezi. Unakuja au nimpe?”

“Nipe wiki mbili, dada.”

“Mwaka jana ulisema hivyo hivyo.”

“Mwaka huu nina mkaza mwana.”

Mkaza mwana huyo ni Pin-yu, mke wa mwanawe Yen-ting, ana miezi saba tu pale nyumbani. Ni binti mwenye mabega mapana, mwalimu wa kuogelea. Kila asubuhi alishuka na pikipiki hadi Chiayi kuwafundisha watoto wa mjini kupiga miguu majini, na jioni alirudi nywele zimelowa, anaimba hata kabla hajazima injini. Siu-luan aliisikia sauti ile. Asingeweza kudai kwamba hakuisikia.

Hata hivyo alikwenda kwa Bibi Kim-hue, aliyekuwa kibarazani akimenya karanga.

“Mama, nataka kwenda kwa dada. Mwaka mmoja tu.”

“Nenda, nani kakufunga? Atamimina nani? Mwanangu huyu mwenye mdomo wa gogo?”

Alimsema Bun-hiong, mume wa Siu-luan, ambaye hukausha majani ya chai vizuri kuliko wote lakini akikaa na wageni watatu hata kuku wanamshinda kuongea.

“Pin-yu atamimina.”

“Pin-yu? Yule samaki?” Bibi alicheka mpaka karanga zikamwagika. Kisha akaziokota, akifikiri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na miaka themanini na sita na nyumba nzima iliegemea kiti kile. “Haya. Mzee Khoo anakuja Jumamosi kuonja mavuno ya kwanza ya mwaka. Samaki wako ammiminie. Akiweza, ataacha kazi ya kwenye bwawa, atakaa pale, na wewe panda basi. Begi lako nitakubebea mimi mwenyewe.”

Siu-luan alipompa Pin-yu habari, binti alikuwa anajifuta nywele kwa taulo. Taulo likasimama.

“Kila siku, Mama?”

“Wageni huja kila siku.”

“Sawa, Mama,” akasema, akaendelea kujifuta.

Siu-luan akachagua kusikia ile “sawa” peke yake. Ni mdogo, atazoea, alijiambia, mbona mimi nilizoea. Jioni zote za wiki ile alimfundisha. Pin-yu alifundishika wastani, leo vizuri, kesho vibaya, hakuuliza maswali. Usiombe uwe mwalimu wa mtu asiyeuliza. Lakini Siu-luan alikuwa ameshatoa begi chini ya kitanda na kulipangusa vumbi, na mtu aliyefika hapo haoni vizuri.

Jumamosi Mzee Khoo akafika. Ana duka la chai Taichung na kwa miaka kumi na saba amekuwa akichukua zaidi ya nusu ya mavuno yao ya kwanza. Alikuta Pin-yu yuko nyuma ya meza, mgongo ukutani, na Siu-luan amekaa upande wa wageni.

“Ala! Dada Luan! Leo umefukuzwa?”

“Nimepandishwa cheo, Mzee Khoo. Karibu ukae.”

Siu-luan alikuwa hajawahi kukaa upande ule. Kutoka hapo mtu huona ukuta tu, na kichwa cha mwanamke. Akamtazama Pin-yu mabega yake yamebana kati ya rafu na meza, akageuza macho haraka akatazama birika. Bibi Kim-hue alikaa kitako karibu na mlango. Bun-hiong alisimama nyuma yake, vumbi la chai limemjaa kwenye nyusi.

Pin-yu akamimina. Mzee Khoo akanusa, akanywa, akakunja uso. Alikunja kidogo tu, kwa adabu, lakini Bibi aliona na Siu-luan aliona. Siu-luan akanywa cha kwake. Chai ilikuwa na ukakasi mbele, na nyuma hamna kitu. Basi la Taitung likampita akilini likiwa tupu.

Kikombe cha pili. Ukakasi ule ule, na nyuma hamna kitu.

Cha tatu. Ukakasi ule ule.

Hapo machale yakamcheza. Akarudia kukinywa, pole pole, akakizungusha mdomoni. Majani ya chai hayatulii. Kila ukiyamwagia maji yanakuwa mengine. Asiyejua huharibu kila kikombe kivyake, hiki kichungu, hiki maji matupu, na kimoja humtokea kizuri kwa bahati. Huyu alikuwa ameharibu vitatu kwa kipimo kimoja. Ili ufanye hivyo lazima ujue sawasawa kikombe kizuri kiko wapi kila mara, halafu ukipite kwa idadi ile ile ya pumzi. Siu-luan alijiuliza kama yeye angeweza. Asingeweza! Miaka thelathini na mmoja, na asingeweza.

Akainua macho. Pin-yu alikuwa anamtazama, na alijua ameshikwa.

“Ah, bado kijana,” Mzee Khoo akasema, akisogeza kikombe. “Atajifunza.”

“Atajifunza?” Bibi akadaka. “Basi yakiwa ni ya kujifunza tutamvumilia. Lakini mimi ulimi wangu ulishazeeka, na mgeni ana adabu. Luan, ulimi wa nyumba hii ni wako. Sema wewe. Huyu mtoto ana kitu ndani yake au hana? Ukisema anacho, kesho anaacha bwawa na wewe unaondoka. Mzee Khoo nitambembeleza mimi.”

Neno moja tu lilitakiwa, na lilikuwa neno la kweli. Pin-yu alikuwa na mkono ambao mlima ule haujawahi kuuona. Siu-luan alimkasirikia, nakuambia ukweli, alimkasirikia mpaka masikio yakawaka. Mjinga wewe, ungemimina hovyo kama wajinga wengine, nisingejua! Ningesema atajifunza, nikaondoka na roho safi. Aliiona bahari, akamwona dada yake anamenya mapapai mlangoni. Mdomo ukafunguka kusema anacho. Kisha akayaona mabega yale tena, na ukuta nyuma yake, na akamkumbuka anavyorudi jioni na wimbo mdomoni.

“Hana,” akasema.

“Hana nini?”

“Hana ulimi, hana mkono, hana kitu. Hatajifunza.”

“Hata kwa miaka kumi?”

“Hata kwa ishirini, Mama. Mtoto huyu ukimpa chai umeitupa. Mwacheni aende kwa watoto wake wa bwawani.”

Bun-hiong akakohoa. Mzee Khoo akawa anachunguza kucha zake, maana kumwambia mkaza mwana hivyo mbele ya mgeni si jambo dogo. Pin-yu aliinamisha kichwa, akangoja mkwewe ainuke kumpisha, akatoka.

“Basi nimeshaelewa,” Bibi akasema, na sauti yake ilikuwa imechoka. “Begi rudisha, mwanangu.”

Siu-luan akaingia nyuma ya meza. Akabadilisha majani, akachemsha maji upya, akamimina, na Mzee Khoo akafumba macho akasema eee, sasa ndiyo hii. Akambishia bei, akamsifia jirani, akachukua maboksi ishirini na mawili. Ukungu ulipopanda kutoka bondeni saa nane gari lake lilikuwa limeshaondoka. Siu-luan akachukua simu akamwandikia dada yake: Mpe mpangaji. Hakuongeza kitu, kwa sababu kila alichofikiria kuongeza kilikuwa uongo.

Akaenda jikoni kuosha vikombe. Pin-yu alikuwa amesimama kwenye jiko na bakuli la kulia wali mikononi, na ndani ya bakuli mlikuwa na chai, majani yamefunguka chini, mapana, kama yalivyokuwa mtini. Hapakuwa na buli, hapakuwa na kifuniko.

“Mama, kunywa.”

Siu-luan alikuwa amewamiminia watu wa kila pembe ya Taiwan, na Wajapani, na mapadri wawili, na hakukumbuka ni nani aliyewahi kummiminia yeye. Akapokea kwa mikono miwili, akanywa. Maua yakaja, maziwa yakaja, na utamu ulipopanda kooni ulipanda na kitu kingine ambacho yeye hajawahi kukitoa kwenye majani yale hata siku moja. Akajikuta analia, tena kwa kelele, na Pin-yu naye analia.

“Nisamehe, Mama.”

“Chai hii usimpe mtu mwingine,” Siu-luan akasema. “Hata Yen-ting. Hata wewe mwenyewe usijipikie, watu watasikia harufu. Umenielewa?”

“Nimeelewa.”

Nje milango ya gari ikafungwa, mmoja, wa pili, wa tatu, na Bibi Kim-hue akaanza kukaribisha watu kwa sauti kubwa.

“Luan! Luan wee! Wageni wamekaa!”

“Nakuja, Mama!”

Bakuli lilikuwa bado na nusu, na lilikuwa la moto. Akalimaliza hapo hapo amesimama, kwa haraka, bila kuonja.