Nilijibu "Ejo" Nikijua Atasikia Jana

Kosa ni langu, na nalisema mapema ili usije ukanionea huruma njiani. Nilimponza rafiki yangu kwa neno moja, halafu nikasimama kando nikiwaangalia watu wakimcheka.

Mimi ni mtu wa kuzunguka. Shule niliiacha darasa la tano, pale Nyundo, nikaenda Goma, Bukavu, Kampala, nikishika kila kazi na kudumu katika chache. Ugonjwa wangu ni kutaka kujua. Nikiona kitu kina skrubu, situlii mpaka nijue ndani kuna nini.

Niliporudi Gisenyi, kampuni moja ilikuwa inatafuta walinzi wa minara ya simu kule Bugeshi, juu kwenye baridi. Ni ulinzi wa silaha, kwa hiyo ilibidi kufaulu kupiga shabaha gizani kwa darubini ya usiku. Sisi tuliiita jicho.

Jicho linafungwa kwenye kofia ngumu, linashuka mbele ya macho, na dunia yote inakuwa kijani. Hulengi kwa kulaza shavu kwenye bunduki kama mchana. Juu ya mtutu kuna kitaa kinachotoa mwale ambao macho matupu hayauoni. Unaweka doa lake kwenye shabaha, unafyatua. Siku ya kwanza nilijikwaa kwenye jiwe nililodhani liko mbali, kwa sababu ndani ya jicho umbali unapotea. Kila kitu kinaonekana kimebandikwa ukutani.

Tulifundishwa wawili wawili, jicho moja kwa watu wawili. Mwenzangu tulimwita Motari, kwa kuwa aliendesha pikipiki ya abiria mpaka ajali ilipomtoa barabarani. Mke na mtoto wake walikuwa Bugeshi kwa wakwe. Kazi ya mnara ingemfikisha kwao, na alikuwa ameshamwambia mama mkwe kwamba ameipata.

"Umemwambia kabla ya mtihani?" nilimuuliza.

"Sasa ningefanya nini? Kila nikifika ananiuliza mbele ya chakula. Mi nakulaka naangalia chini, sha."

Siku mbili kabla ya mtihani nilikabidhiwa jicho nisafishe vioo vyake. Nilipewa pia betri mpya kutoka stoo, niziweke siku yenyewe. Kuliwasha nje ya mafunzo ilikuwa marufuku.

Nililiwasha. Kwenye nyumba ya kampuni tulikolala, nilitoka nyuma nikaangalia mwanga wa volkano ng'ambo ya mpaka, nikaangalia nyota ambazo sikujua zipo, nikaangalia mbuzi wa jirani, macho yao yanawaka kama makaa. Halafu nikagundua kwamba rimoti ya televisheni, ukiibonyeza, ndani ya jicho inamulika chumba kizima kama tochi. Nilicheza na ile rimoti kama mtoto. Betri za zamani zikaisha, nikatia zile mpya, nikasinzia bila kulizima.

Ningeweza kusema. Lakini Afande, mwalimu wetu, mwanajeshi mstaafu aliyekulia Uganda, angenifukuza siku hiyo hiyo. Nikapanga kuchukua nyingine stoo kimyakimya, lakini siku ya mtihani niliikuta imefungwa.

Giza lilipoingia tukapanga foleni. "Mi natangulia," nikamwambia Motari, naye akanipisha. Nikiwa katikati ya kupiga, kitaa chekundu kikaanza kupepesa pembeni mwa kioo. Maana yake betri inakata roho. Niliharakisha, nikamaliza, nikafaulu. Nikamvalisha Motari kofia kwa mikono yangu.

"Hapa iko kataa kekundu kanawaka-waka," akasema. "Betri ulibadilisha?"

"Ejo," nikajibu.

Kama hujui Kinyarwanda, ejo ni jana, na ejo ni kesho pia. Maneno yanayofuata ndiyo yanayokuambia ni ipi. Mimi sikuweka neno lolote mbele yake. Nilijua atasikia jana.

Shabaha zilikuwa mbao zinazovutwa kwa kamba. Nyingine zilichorwa mtu mwenye bunduki, hizo unapiga. Moja ilichorwa mama mwenye beseni kichwani, kama wale wanaovuka kwenda Goma kila asubuhi. Huyo humgusi. Na sheria ilikuwa moja: jicho likizima, kidole nje, mtutu chini, piga goti, sema.

Jicho lilizima. Motari hakupiga goti. Alilipandisha juu ya kofia, akapiga pale alipokumbuka kumwona mwenye bunduki. Lakini macho yakitoka kwenye kijani kile hayaoni kitu, na kamba ilikuwa imeshavutwa.

Afande akawasha tochi. Tundu lilikuwa chini ya beseni.

"Motari, mama wa watu anapeleka nyanya zake Goma. Wewe umemuua."

Watu wakacheka.

"Afande, jicho limekufa."

"Likifa unafanya nini?"

"Napiga goti."

"Na taa nyekundu uliiona?"

"Niliiona. Lakini huyu aliniambia betri ni ya ejo."

Tochi ikahamia usoni kwangu. "Ejo ipi?"

Hapo ndipo mlango ulikuwa wazi, na mimi nikaufunga.

"Nilimaanisha ningebadilisha kesho, Afande. Stoo ilikuwa imefungwa."

Stoo ilikuwa imefungwa kweli. Kila nilichosema jioni ile ningeweza kukiapia kanisani, na ndicho kinachonichoma zaidi.

"Betri ni ya kesho, wewe unapiga leo?" Afande akamwambia Motari.

"Ahubwo, afadhali angengoja, alenge kesho," mmoja akasema nyuma, na kicheko kikaanza upya.

Motari alivua kofia, akakunja mkanda wake vizuri ndani, akanipa. "Bon," akasema. Kesho yake alikuwa ameondoka.

Mnara niliupata mimi. Unajua unaangalia wapi? Chini yake, ng'ambo ya mashamba ya viazi, kuna nyumba ya wakwe wa Motari. Mimi niliyetaka kuona kila kitu nilipewa jicho na kiti, na nilichokiona ni mke wake akitoka kufunga ng'ombe, mtoto mgongoni. Sikudumu. Niliacha kazi ambayo mwenzangu angeishika mpaka uzeeni.

Nilimkuta mpakani, karibu na Grande Barrière, anaosha magari yanayosubiri kuvuka.

"Motari, nataka kukueleza kitu. Ile betri..."

Alikuwa anakamua kitambaa. Hakuinua kichwa. "Leo niko na kazi. Kuja ejo."

Nikasimama pale kama mjinga. "Ejo ipi?"

Alichovya kitambaa kwenye ndoo, akaendelea na kioo.

Wewe unayesoma, ukiharibu kitu ambacho mwenzako atakitegemea, mwambie kabla hajakivaa. Usijifiche kwenye neno lenye milango miwili. Mimi na Motari tulikuwa tunaongea Kiswahili tangu asubuhi, na Kiswahili kina jana, kina na kesho. Nilikiacha kwa neno moja tu, kisha nikakirudia.

Nimeshakwenda pale mara nyingi. Kila mara anasema ejo.